SOMO: Mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB) kwa mtoto wa familia duni, hatua kwa hatua

Habari zenu wadau. Matokeo ya kidato cha sita yakikaribia, simu yangu haitulii: "Kaka, mwanangu yatima, mkopo si atapata tu?" Jibu langu huwa ni lile lile: ana karatasi? Bodi ya Mikopo haiji nyumbani kwenu kuhesabu sufuria. Inasoma kilichopakiwa kwenye mfumo. Baba anaweza kuwa alishazikwa miaka kumi iliyopita, lakini cheti chake cha kifo kisipohakikiwa, kwa mfumo bado yu hai na anakulipia ada.

HATUA YA 1: Jipime mwenyewe kwanza.
Uwe Mtanzania, usizidi miaka 35 siku unayoomba, uwe umedahiliwa kwenye chuo na kozi inayotambulika, usiwe na kipato cha ajira au biashara rasmi, na uwe umemaliza kidato cha sita au diploma ndani ya miaka mitano iliyopita. Mwongozo hutolewa upya kila mwaka. Soma wa mwaka wako, si ule wa mwaka juzi unaozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp.

HATUA YA 2: Vyeti RITA (wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo).
Hapa ndipo wengi wanapokwama, na mimi nilikwama hapa hapa. Kuwa na cheti cha kuzaliwa hakutoshi, lazima kihakikiwe RITA kwa njia ya mtandao (aliyezaliwa Zanzibar anahakikiwa na ZCSRA, wakala wa usajili wa huko). Cheti cha kifo cha mzazi nacho vivyo hivyo. Cheti changu cha kuzaliwa kiliandikwa Athumani, cha kidato cha nne Athuman. Hiyo "i" moja ilinizungusha wiki tatu, mara kwa wakili, mara foleni, mara "rudi kesho". Nilipomaliza, dirisha la maombi lilikuwa limebakiza siku mbili. Kwa hiyo usisubiri matokeo. Toa vyeti vyote mezani leo, soma majina herufi kwa herufi.

HATUA YA 3: Ushahidi wa hali yako.
Yatima: vyeti vya kifo vilivyohakikiwa. Mwenye ulemavu, au ambaye mzazi wake ana ulemavu: fomu iliyosainiwa na Mganga Mkuu wa Wilaya au Mkoa. Kaya iliyo TASAF (mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini): namba ya kaya. Uliyesomeshwa na shirika: barua ya ufadhili kutoka kwa hao hao waliokulipia. Hii ya mwisho ni muhimu kuliko mnavyodhani, maana ukionekana ulisoma shule ya kulipia bila maelezo, utahesabiwa una uwezo. Na wadogo zangu mnaoona aibu kuandika TASAF: aibu hiyo hailipi ada.

HATUA YA 4: Kujaza OLAMS (mfumo wa Bodi wa kuombea mkopo mtandaoni).
Tumia namba ya mtihani ya kidato cha nne ile ile uliyoombea chuo. Ada ya maombi ni shilingi 30,000, unapewa namba ya kulipia, na hairudishwi. Ukimaliza chapisha fomu, saini wewe, saini mdhamini, kisha mwenyekiti wa mtaa au kijiji, kisha hakimu au wakili. Skani vizuri, pakia, na hakikisha umewasilisha. Ukijaziwa steshenari, namba ya simu na nywila viwe vyako. Nimeona kijana anamtafuta mwenye duka mwezi mzima ili tu ajue kama amepata.

HATUA YA 5: Kusubiri.
Si kila anayepata anapata asilimia mia. Ada inaweza kuja nusu, lakini bumu (pesa ya kujikimu) ndilo linalomweka mtu chuoni: chakula na malazi ni 10,000 kwa siku, vitabu na viandikwa 200,000 kwa mwaka. Na ni deni. Ukiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara inakatwa kila mwezi mpaka liishe.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Kahama: Mkuu, baba alitukimbia nikiwa mdogo, mama anauza mboga. Najaza yatima?
Jibu: Hapana mdogo wangu. Bila cheti cha kifo wewe si yatima kwa Bodi, na cheti cha kuchonga RITA wanakinasa. Jaza taarifa za mama kama zilivyo, yeye ndiye awe mdhamini. Kama kaya yenu iko TASAF, hiyo ndiyo karata yako.

Mdau wa Mbeya: Nilimaliza kidato cha sita 2016, nikasoma diploma, nimemaliza mwaka jana. Nimeshachelewa?
Jibu: Bado. Unaomba kwa kutumia diploma yako, hivyo miaka mitano inahesabiwa kutoka hapo. Angalia umri tu.

Mwalimu wa muda: Nafundisha shule binafsi kwa mkataba, mshahara kiduchu. Niombe?
Jibu: Ajira ni ajira, mwalimu. Kigezo hakiulizi kiduchu au kingi.

Mama wa mwombaji: Mwanangu kapangiwa kidogo mno, mwenzake wa jirani kapata chote.
Jibu: Pole mama. Ya jirani tuyaache, hatujui alipakia nini. Dirisha la rufaa likifunguliwa, akate rufaa na apeleke karatasi ambayo mara ya kwanza haikuwepo. Malalamiko matupu hayabadilishi kitu. Kuna cheti chochote mlikiacha nyumbani?

Mama wa mwombaji: Cha kifo cha baba yake. Tulidhani cha kuzaliwa kinatosha.
Jibu: Basi mama, kesho asubuhi kianze safari ya RITA.