Somo: Kutoa uvimbe usio saratani kwenye bronkasi (njia ya hewa ndani ya pafu) kwa kitanzi cha waya wa umeme, mgonjwa akiwa na TB

Kabla ya kushika skopu (mrija wa kamera wa kutazama njia ya hewa), amua kama kazi inaweza kusubiri. Hamatoma, aina ya uvimbe usio saratani, hukua polepole. Aliyeanza dawa za TB juzi mpe muda hadi makohozi yasionyeshe vimelea. Anayepumua kwa mluzi huku njia imezibwa zaidi ya nusu hasubiri.

1. Chumba kiwe cha shinikizo hasi (hewa yake isitoroke kwenda koridoni), hewa ibadilike mara 12 kwa saa. Wote wavae N95, barakoa za kuchuja hewa, zilizowakaa vizuri. Barakoa za upasuaji hazitoshi. Mgonjwa awe wa mwisho siku hiyo.

2. Usingizi kamili na dawa ya kulegeza misuli, kwa sababu kikohozi kimoja skopu ikiwa ndani hutapakaza vimelea chumba kizima. Tumia mrija wa kupumulia wenye puto, namba 8 au zaidi.

3. Bandika pedi ya umeme pajani. Shusha oksijeni chini ya asilimia 40, na usubiri mashine ioneshe hivyo kwenye hewa anayotoa mgonjwa. Hapa ndipo watu huharakisha, na moto ndani ya mrija hauna msamaha. Toa kitanzi cha waya hadi ukione chote nje ya ncha ya skopu, kivishe shingo ya uvimbe, uvute kidogo mbali na ukuta. Anzia wati 20 hadi 30, kanyaga pedali kwa vipindi vifupi huku msaidizi akibana taratibu. Akibana haraka, waya hukata kabla joto halijaziba mishipa, na damu itakufunikia kioo. Moshi uvutwe muda wote.

4. Nasa kipande kwa kikapu kabla hakijadondokea bronkasi ya chini. Kikizidi upana wa mrija, kigawe.

Swali: Daktari, sisi hatuna shinikizo hasi. Tufanyeje?
Jibu: Fungua madirisha yanayotazamana, feni isukume hewa nje, mlango wa korido ubaki umefungwa.

Swali: Wasafishaji waingie lini bila N95?
Jibu: Hewa ikibadilika mara 12 kwa saa, baada ya dakika 35. Ikiwa mara 6, dakika 69.

Swali: Skopu tunailoweka kwenye glutaraldehaidi asilimia 2 kwa dakika 10.
Jibu: Haitoshi kwa TB, angalau 20. Tena ipimwe kuvuja kwanza, kisha isuguliwe kwa brashi na sabuni ya vimeng'enya. Kamasi iliyokaukia ndani ya tundu huwakinga vimelea na dawa.

Swali: Kugandisha uvimbe kwa baridi kali badala ya umeme si salama zaidi?
Jibu: Hakuna moto, kweli. Ila tishu hufa kwa siku kadhaa, utalazimika kurudi kusafisha, na timu itavuta hewa ile ile mara ya pili.