Namna ya kumwogesha Mama Maria wa shaba na kusafisha jiwe la kaburi

Babu yangu alikuwa katekista. Kaburi lake liko kijijini kwetu, upande wa Njombe: jiwe la granaiti nyeusi iliyong'arishwa, na juu yake Mama Maria wa shaba, kimo chake kama mkono wa mtu mzima. Mimi ndiye ninayemwogesha kila mwishoni mwa Oktoba, kabla mvua hazijashika na kabla ya siku ya Marehemu Wote, tarehe 2 Novemba.

Shaba ya sanamu ni shaba nyekundu iliyochanganywa na bati. Ikikaa nje hugeuka kahawia, kisha kijani. Watu huiona uchafu, kumbe ndiyo ngozi yake inayoikinga. Mwaka mmoja ndugu zetu wa mjini walimleta fundi, akamsugua Mama Maria kwa msasa na dawa ya kung'arishia. Krismasi alimeremeta kama sufuria mpya. Kufika Aprili, shaba ile iliyoachwa uchi ilikuwa inatoa machozi ya kijani, yakateremka mpaka kwenye jiwe. Michirizi hiyo ipo hadi leo, na kila nikiiona naumia.

Kwa hiyo msasa, steelwaya na dawa za kung'arisha ziache nyumbani. Jiki pia, maana klorini huila shaba. Limau, siki na maji ya betri hula shaba na saruji iliyoshika jiwe.

Chukua ndoo mbili za maji safi, brashi laini, vitambaa vya pamba na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, kifuniko kimoja tu kwa ndoo nzima. Pangusa vumbi kwanza, likiwa bado kavu. Kisha inama utazame chini ya sanamu. Sanamu nyingi za shaba zina uwazi ndani, na chini huachiwa vitundu vya kutolea maji. Nyigu hupenda kuviziba kwa udongo. Mwaka juzi nilizibua kimoja kwa kijiti, maji meusi yakamwagika karibu kikombe kizima. Yalikuwa yanamla kwa ndani, nasi juu tunasifu alivyo safi. Sasa hapo ndipo ninapoanzia kila mara.

Kabla ya kumwogesha Mama Maria na jiwe lake kwa brashi na maji ya sabuni, jiwe lilowanishe kuanzia chini kwenda juu, kwa sababu sabuni ikiteremka kwenye jiwe kavu huacha michirizi. Ukoga wa kijivu ulioshika kwenye maandishi usiulazimishe. Uloweshe, ngoja robo saa, kisha kwangua taratibu kwa kijiti cha mwanzi. Huku kwetu kwenye ulanzi, pombe ya mianzi, mianzi haikosekani, na mwanzi haukwaruzi granaiti. Kijiti hicho hicho hutoa nta ya mishumaa. Alama inayobaki ifute kwa kitambaa cha maji ya moto. Suuza mpaka povu liishe kabisa.

Pitisha kidole kwenye maungio. Penye ufa pazibwe msimu huo huo, usingoje Juni. Sakitu, yaani umande ulioganda kwa baridi, ikianguka, maji yaliyoingia ufani huganda, hutanuka na kusukuma jiwe. Nyasi zifyeke, usizichome: moto hupasua granaiti vipande vipande.

Nta ya shaba ipake mchana jua likiwa kali, sanamu ikiwa na joto ambalo kiganja kinavumilia. Tumia nta ya samani isiyo na rangi, kidogo sana, kwa kitambaa. Kwenye mikunjo ya joho tumia brashi, maana humo ndimo maji hulala. Ikikauka, sugua kwa kitambaa kikavu. Vidole vyake vya mkono wa kulia vipake mara mbili, kwa kuwa kila anayesali hapo huvishika na nta huisha upesi.

Mvua ya kwanza ikinyesha, nenda ukaangalie bega lake. Maji yakisimama matone matone, nta imeshika. Yakitandaa, subiri jua, upake tena.