Jinsi ya Kubadili Mtindo wa Uongozi Kulingana na Mtu na Kazi Aliyopewa

Siku ya kumwaga zege la jamvi, msimamizi wa ujenzi hana nafasi ya kuitisha kikao. Saruji ikishakutana na maji haisubiri mtu, mafundi na vibarua wamesambaa juu ya nondo, na kila mmoja anahitaji kusikia sauti moja inayosema nani asimame wapi. Siku chache baadaye, watu wale wale wanapokaa kupanga ujenzi wa kuta, sauti hiyo hiyo ya amri itawafunga midomo, na fundi aliyeona kosa kwenye mchoro ataliacha lipite. Kwa miaka niliyosimamia kazi za namna hii, nimeona ukali ukiokoa kazi asubuhi na kuiharibu jioni.

Kabla ya kuamua utamwongozaje mtu, mwangalie pamoja na kazi uliyompa. Wataalamu wa uongozi wa Marekani, Paul Hersey na Ken Blanchard, waliolieleza wazo hili mwaka 1969, walisisitiza kwamba kiongozi abadilike kadiri anayeongozwa anavyokomaa katika kazi husika. Jiulize mambo mawili: je, kazi hii anaijua, na je, ana moyo wa kuifanya? Kosa kubwa ni kumpa mtu daraja moja la kudumu. Niliwahi kumkabidhi fundi hodari wa vigae kazi ya kukadiria vifaa vya jengo zima, nikamwambia kwamba mzoefu kama yeye hahitaji msaada wangu. Aliona aibu kuuliza. Vigae vikapungua, na vile tulivyoongeza baadaye vikatofautiana rangi na vya mwanzo, sebuleni kabisa, mahali ambapo mwenye nyumba hawezi kukosa kuona. Kwa kupanga vigae alikuwa bingwa, lakini kwa makadirio alikuwa mwanafunzi, nami nilipaswa kukaa naye na kalamu.

Asiyeijua kazi mwelekeze hatua kwa hatua, mwonyeshe, kisha mwache afanye ukiwa karibu. Ukimwona kibarua mgeni anainamisha ndoo ili aongeze maji kwenye zege liweze kusukumika kirahisi, mzuie papo hapo, kwa maneno machache. Wakati wa chakula mwite umweleze kwamba maji yakizidi, zege likikauka huwa dhaifu. Maelezo hayo ya dakika tano ndiyo yatakayomfanya kesho amzuie mwenzake bila wewe kuwapo.

Aliyeanza kuijua kazi kisha akavunjika moyo humchanganya msimamizi kuliko wote, kwa sababu kwa nje huonekana mvivu. Usimwongezee amri. Keti naye, msikilize ni wapi anapokwama, umweleze sababu za kila uamuzi, lakini uamuzi ubaki kwako.

Jambo linalohitaji busara zaidi kwetu ni kumwongoza mtu aliyekuzidi umri. Fundi aliyeshika mwiko kabla hujazaliwa hasahihishwi mbele ya vijana. Msalimie kwanza, "Shikamoo, mzee wangu," umvute pembeni, na uanze kwa kuuliza: "Ukuta huu umeuonaje?" Mara nyingi atalitaja kosa mwenyewe na kulirekebisha. Asipolitaja, litaje wazi, kwa sababu ukuta uliopinda hauheshimu umri, na heshima inayokunyamazisha itamwachia mwenye nyumba nyufa.

Mwenye ujuzi na moyo, mkabidhi kazi kweli kweli. Zege likishashika linahitaji kumwagiliwa maji kwa siku 7 hivi, na hiyo ni kazi nzuri ya kumwachia mtu unayemwamini. Kubalianeni matokeo mnayoyataka na siku mtakayokagua pamoja, kisha usipite kila saa kugusa zege kwa kidole. Hata hivyo, kukabidhi hakumaanishi kutoweka: hakikisha ana mpira wa maji, pipa lililojaa, na namba ya simu ambayo utaipokea.

Utajuaje kama mtindo wako umefaa? Katika majaribio ya mwanasaikolojia Kurt Lewin na wenzake nchini Marekani, yaliyochapishwa mwaka 1939, vikundi vya wavulana vilivyoongozwa kwa amri vililegea kiongozi alipotoka chumbani, ilhali vile vilivyoshirikishwa katika maamuzi viliendelea na kazi. Fanya kipimo hicho kwako: ondoka nusu siku, urudi utazame kilichofanyika.

Unapobadili mtindo, waambie watu wako waziwazi, la sivyo watadhani umewachukia au unawapendelea wenzao. Sema, "Leo ni siku ya zege, nitaamuru, kesho tutapanga pamoja." Yapo pia mambo yasiyobadilika kwa mtu yeyote. Kofia ngumu na mkanda wa usalama juu ya jukwaa havijadiliwi, awe kibarua wa siku ya kwanza au fundi wa miaka 30, na msimamizi ndiye wa kwanza kuvivaa.