Kuzuru Kilwa kutokea Masoko: hesabu maji kwanza, saa baadaye

Wageni wengi wanaorudi kutoka Kilwa wakilalamika wamekosea jambo moja tu. Walikodi boti saa nne asubuhi kwa sababu ndiyo saa waliyomaliza chai, wakafika kisiwa cha Songo Mnara maji yamekupwa, wakatembea kwenye tope la mikoko hadi magotini, na boti ikalala mchangani mpaka alasiri. Mji wenyewe, Kilwa Masoko, ni mdogo, unamalizika kwa miguu. Vivutio vyake vikubwa, magofu ya visiwa vya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, viko ng'ambo ya bahari, na ni bahari inayopanga ratiba.

Kufika

Kutoka Dar es Salaam ni kama kilomita 300. Mabasi ya kusini mengi hupitia Mbagala, na safari huchukua saa tano hadi sita. Uliza kabla ya kulipa nauli: basi linaingia Masoko, au linaendelea Lindi na Mtwara? La Mtwara litakushusha njia panda ya Nangurukuru, na hapo utatafuta gari dogo la abiria kwa kilomita 30 hivi zilizobaki. Magari hayo hupungua jua likizama, kwa hiyo panda basi la alfajiri. Wakati wa masika piga simu kwa wenyeji kabla ya kuondoka. Mei 2024 mvua zilizoambatana na Kimbunga Hidaya ziliikata barabara hii eneo la Somanga, na abiria wakakwama pande zote mbili.

Hesabu ya maji

Pwani hii maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi. Huhitaji programu ya simu. Tarehe ya mwezi mwandamo inatosha. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, ni bamvua: maji hujaa sana, alfajiri na jioni, kati ya saa kumi na saa kumi na moja, kisha hukauka kabisa asubuhi kuanzia saa nne. Tarehe 7 au 8, na tena 21 au 22, ni maji mafu: hujaa asubuhi, kama saa nne hadi saa tano, na hayakauki sana yakipwa.

Kwa hiyo siku nzuri za Songo Mnara ni tarehe 6 hadi 9 na 20 hadi 23 za mwezi mwandamo. Mfano wa tarehe 7: maji yatajaa karibu saa nne. Ondoka Masoko saa moja na nusu, fika yakiwa bado yanapanda, tembea, na uwe chomboni kabla ya saa sita. Huo ndio mpaka: saa mbili baada ya maji kujaa. Ukipitisha, nahodha ataanza kukuita, na ana haki. Ubaya wa maji mafu ni kwamba hayapandi juu sana, hivyo huenda ukashushwa mbali kidogo na nchi kavu ukamalizia kwa miguu, maji yakiwa chini ya goti. Hilo ni dogo ukilinganisha na tope la bamvua.

Kilwa Kisiwani haina ukali huo. Mlango wa bahari kati yake na Masoko ni wa kilomita mbili hivi na una kina, chombo kinavuka wakati wowote. Maji yakiwa yamekupwa utatembea zaidi tu kutoka chombo kinapotia nanga.

Upepo nao una neno lake. Visiwa viko kusini mwa Masoko. Wakati wa kusi, upepo wa kusini, hasa Juni na Julai, kwenda ni kupambana na mawimbi na kulowa, na kurudi ni raha. Wakati wa kaskazi, upepo wa kaskazini, Desemba hadi Machi, mambo hugeuka: unakwenda kwa ulaini ukadhani bahari ni shwari, kisha alasiri chombo cha tanga kinabisha, yaani kinakwenda upande upande dhidi ya upepo, hadi jua kuzama. Kama una ndege au basi la kuwahi, kaskazi ikivuma tumia boti ya injini.

Kibali na chombo

Usivuke bila kibali. Magofu yote mawili yako kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1981 na yanasimamiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA). Malipo hufanyika Masoko kabla ya safari, kwa kumbukumbu namba ya serikali na si fedha mkononi mwa mtu, na hutolewa stakabadhi. Raia hulipa kiasi kidogo kuliko mgeni, basi beba kitambulisho cha taifa. Shughulikia hili siku moja kabla, saa za kazi. Ukiwa na safari ya Jumamosi alfajiri, kibali ni cha Ijumaa asubuhi, kwani Ijumaa mchana watu wako msikitini.

Katika kupatana bei ya chombo, uliza mambo matatu kwa mpigo: mafuta yamo? Kusubiri kumo? Ni bei ya chombo kizima au ya kichwa? Ugomvi mwingi wa ufukweni hutokana na la pili. Kwa Kisiwani mashua ya tanga inatosha na inapendeza zaidi. Kwa Songo Mnara chukua injini. Ni mwendo wa saa moja au zaidi. Kabla ya kupanda angalia jaketi la kujiokolea kwa kila mtu, mafuta ya akiba, plagi ya akiba, makasia au pondo, na kopo la kutolea maji. Pakikosekana kimojawapo, tafuta nahodha mwingine. Lipa nusu, nusu baki nayo mpaka mrudi.

Kisiwani: anza na kilicho mbali

Tenga saa nne. Utashukia karibu na Gereza, ngome ya Waomani ya karne ya 19 iliyosimama juu ya mabaki ya ngome ya Wareno ya 1505. Litazame mlango wake, lakini usikwame hapo. Nenda moja kwa moja Husuni Kubwa, mashariki, kabla jua halijapanda, kwa sababu hakuna paa hata moja huko. Maji yakiwa yamekupwa unaweza kupita ufukweni. Yakijaa, mwongozaji atakupitisha njia ya juu.

Husuni Kubwa ni jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, la mwanzoni mwa karne ya 14, juu ya jabali linalotazama bahari. Lina vyumba zaidi ya mia na birika la kuogea lenye pembe nane. Simama kwenye ukingo wa birika utazame bahari: kila chombo kilichoingia bandarini kilionekana kutoka hapa. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, enzi ya sultani huyo huyo.

Jua likiwa kali rudi Msikiti Mkuu, ambako kuba na matao yatakupa kivuli. Sehemu ya kaskazini ndiyo kongwe, ya karne ya 11. Upanuzi mkubwa wa kusini ulifanywa na al-Hasan huyo. Tembea kutoka moja kwenda nyingine uone nguzo zinavyobadilika. Karibu yake kuna msikiti mdogo wenye kuba, ambao binafsi tunauona mzuri kuliko mkubwa, na watu huupita mbio. Jumba la Makutani, na kuta zake nene za karne ya 18, ni ya mwisho ukiwa na nguvu.

Usipande kuta. Ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, na mizizi ya miti imekwisha kuzilegeza. Mguu mmoja unaangusha kilichosimama miaka mia sita. Vigae vya vyungu na vya kauri ya Uchina utaviona njiani. Viache. Kisiwa kina wakazi, na baadhi ya makaburi bado huzuriwa, hivyo vaa nguo za kufunika mabega na magoti, uombe ruhusa kabla ya kupiga picha za watu.

Songo Mnara

Hapa palikuwa mji mzima wa karne ya 14 na 15: misikiti mitano, jumba la kifalme na nyumba zaidi ya thelathini, ndani ya ukuta. Kinachovutia ni nyumba za watu, na vyumba vyake unaweza kuvifuata kimoja baada ya kingine. Chukua maji lita mbili kwa mtu na chakula, usitegemee duka. Kandambili huvutwa na tope zikabaki huko. Vaa yeboyebo zenye mkanda wa nyuma au raba kuukuu, kwani mizizi ya mikoko na maganda ya chaza hukata. Simu itie kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa.

Kivinje

Siku ambayo maji hayakubali, nenda Kilwa Kivinje, kaskazini, kwa gari la abiria. Nusu siku yatosha. Ulikuwa mji wa misafara ya pembe na watumwa kutoka upande wa Ziwa Nyasa, kisha makao ya Wajerumani, na majengo ya nyakati zote mbili yanaporomoka bega kwa bega. Uliza njia ya Mwembe Kinyonga, mahali pa kunyongea waliompinga Mjerumani. Hassan bin Omari Makunganya alinyongwa Kivinje mwaka 1895. Wazee wa mjini wanaijua habari hii vizuri kuliko kibao chochote, ila nenda baada ya swala ya alasiri, wanapokuwa barazani. Mwezi wa Ramadhani kula kabla ya kutoka, kwa sababu migahawa hufungwa mchana, Masoko na Kivinje.

Tiketi ya kurudi Dar kata jioni ya siku iliyotangulia. Mabasi ya moja kwa moja kutoka Masoko huondoka mapema, na ukilikosa itabidi ukasimame Nangurukuru kusubiri ya Mtwara, ambayo mara nyingi hufika yamejaa.