Mashini ya makasia: anza na miguu, mgongo utafuata
Wenzangu mnaoingia jimu hapa Mombasa, ile mashini ya kupiga makasia inayoachwa kule kona msiipite, mgongo unaipenda sana hasa kwa sisi tunaoshinda tumekaa, awe dereva wa tuktuk ama mtu wa ofisi. Shida wengi wavuta kwa mikono tu, jioni wanalalamika kiuno.

Nguvu yaanzia miguuni! Sukuma kwa miguu kwanza mikono ikiwa imenyooka, miguu ikikaribia kunyooka ndo unaegemea nyuma kidogo, halafu vuta mpini hadi pale mbavu zinapoishia, viwiko vipite karibu na mwili na mabega yarudi nyuma kama unabana penseli katikati ya mafupa ya mabega. Hapo utaisikia misuli ya mgongo yenyewe. Kurudi ni kinyume, mikono, kiwiliwili, magoti mwisho, na urudi polepole kuliko ulivyovuta. Usijikunje kama kamba wa kukaangwa, mgongo unyooke mwanzo mpaka mwisho.

Kama yako ni ile ya upepo yenye namba 1 hadi 10 pembeni, usiikimbize 10, weka 3 mpaka 5 yatosha kabisa. Mipigo 20 hivi kwa dakika, dakika 5, pumzika, rudia mara 3, siku 3 kwa wiki. Na joto letu hili mwalijua, bebeni maji. Ukisikia maumivu makali yanashuka mguuni acha hapo hapo, muone daktari.