Usiulize "ungetumia?", omba uonyeshwe
Ukimhoji mwenye duka Manzese, Dar es Salaam, kuhusu programu ya simu ya kuandika madeni unayotaka kuitengeneza, usimuulize kama angeitumia. Atakujibu "nzuri sana, leteni", maana mgeni havunjwi moyo. Sema: "Mama, nionyeshe deni la mwisho ulivyoliandika." Jana mmoja alichomoa kipande cha boksi la sigara chini ya kaunta: "kofia nyekundu 3,500". Jina la mteja hana, anamjua kwa kofia yake! Na fomu ya programu yetu ilikuwa inalazimisha jina na namba ya simu. Lililokwisha kutendeka halibadiliki ili kukuridhisha. Mbinu hii hugoma jioni wateja wakijaa, na kwa mambo ya mara moja kwa mwaka, kumbukumbu zimeshachuja. Daftari usilipige picha, madeni ya watu hayo.