Kabla ya kufungua kopo la rangi nyeusi

Wateja wengi wa Lamu wanaoagiza kiti cha enzi hutaka weusi wa mpingo, ilhali mbao iliyopo karakanani ni ya mwembe au mkangazi. Weusi huo unapatikana, lakini ubao usipoandaliwa vizuri hakuna kopo la rangi ya kunywewa na mbao (stain) litakalouleta.

Anza na msasa. Mafundi wetu wanapenda kazi nyororo, wanasugua hadi namba 240 au 320, halafu rangi yote inaondoka na kitambaa na ubao unabaki kahawia. Ubao uliolainishwa mno hauna pa kuishikia rangi. Kwa weusi mzito ishia 120 au 150, tena ukifuata nyuzi, maana mkwaruzo uliozikata hunywa rangi na kujianika.

Gundi nayo ni adui. Tone lililokauka kwenye kiungo halionekani, ila rangi ikipita linabaki doa jeupe. Pitisha kitambaa chenye maji, doa litajitokeza, ulikwangue kwa patasi.

Ukishamaliza, lowesha uso wote kwa maji, sawasawa, pamoja na ndani ya nakshi. Nyuzi zitasimama na ubao utakuwa wa kuparuza ukiupapasa. Uache hivyo, usiusugue tena. Ukaushe kivulini, wakati wa masika ulaze usiku kucha, kwa sababu unyevu wa pwani hauna haraka. Kwangu mimi hatua hii ina thamani kuliko kupaka mkono wa tatu wa rangi.

Mwembe una shida yake: tanini, ule ukakasi ulio kwenye mbao, magome na majani ya chai, ni chache. Upake kwanza chai ya rangi iliyokolea sana, au maji ya magome ya mkoko yaliyochemshwa, uache ukauke. Kisha pitisha siki iliyolowekewa stiliwulu (nyuzi za chuma za kusugulia) isiyo na sabuni kwa siku kadhaa, ukaichuja. Chupa usiikaze kifuniko, gesi inatoka. Chuma kikikutana na tanini, ubao unageuka kijivu mbele ya macho yako, na ndani ya dakika chache unaelekea weusi. Rangi ya dukani ikija juu ya hapo haina kazi kubwa.

Yote haya yajaribu kwanza kwenye kipande cha ubao uleule, kwa msasa uleule, mpaka vanishi. Ubao mkavu hudanganya, vanishi huukoleza.

Tenga pia mahali pa kutandaza vitambaa vilivyofutia rangi au vanishi ya mafuta vikauke. Vikirundikwa vinaweza kuwaka vyenyewe, na nyumba za makuti hazihitaji cheche kubwa.

Wakati wa kupaka, mikono miwili myepesi inashinda mmoja mzito, na kila mara futa iliyozidi, kwani rangi iliyotuama haikauki na vanishi itabanduka. Kabla ya vanishi sugua kwa kitambaa cheupe: kikichafuka, subiri siku nyingine.